Kilio Huanza Mfiwa

Ndugu msikilizaji, mtu akifariki usiku katika nyumba moja ya Nyalikungu, pale mjini Maswa, mkoani Simiyu, jua halipandi kabla majirani wote hawajapata habari. Hapo hapo lugha inaanza kazi. Kuna msiba. Wamefiwa. Twendeni kilioni. Poleni sana. Rambirambi anakusanya nani? Maneno hayo tunayatamka karibu kila wiki na hatuyafikirii. Leo nataka tuyafikirie kidogo, maana kila neno la msiba katika Kiswahili limebeba wajibu wa mtu fulani, na wajibu ule ukiondolewa neno hubaki ganda tupu.

Tuanze na kufiwa. Kitenzi ni kufa, na aliyekufa ndiye mwenye kitenzi hicho. Lakini Kiswahili hakiishii hapo. Kutoka kufa tunapata kufia, na kutoka kufia tunapata kufiwa: amefiwa na mama yake. Sarufi yenyewe inatuonyesha kwamba kifo kimoja kimepiga watu wawili, mmoja kwa kufa na mwingine kwa kufiwa. Huyu wa pili tumempa na jina, mfiwa, na wazee wakamtungia methali: kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Methali hii ina amri mbili ndani yake. Mfiwa ndiye wa kwanza kulia. Na wa mbali naye, akisikia, hana ruhusa ya kubaki nje.

Sasa tazama maneno mengine. Huzuni, majonzi na simanzi ni mambo ya moyoni. Mtu anaweza kuwa na huzuni peke yake chumbani, na mlango akaufunga. Lakini msiba haufungiwi mlango. Ukisema nina msiba, umekwisha kuita watu: wa kuchimba kaburi, wa kuteka maji, wa kupasua kuni, wa kulala na wafiwa.

Maneno haya hayakutoka mahali pamoja. Msiba na huzuni asili yake ni Kiarabu. Tanzia nayo ni ya Kiarabu, na safari yake inashangaza. Kule ilikotoka maana yake ni kumliwaza aliyefiwa. Kwetu imekuwa ndiyo habari yenyewe ya kifo. Neno lililokuwa la kupoza jeraha limekuwa la kulitangaza. Pwani pia wakapokea eda, ule muda wa miezi minne na siku kumi anaokaa mwanamke wa Kiislamu baada ya kufiwa na mumewe. Lakini kilio, pole na matanga ni maneno ya Kibantu. Na matanga hayakai milele. Ipo siku ya kuanua matanga, na kuanua ndilo neno lile lile la kutoa nguo au nafaka iliyoanikwa juani. Siku hiyo ikifika, watu hurudi mashambani na sokoni. Waliotuachia lugha hii walijua kwamba aliyefiwa anahitaji kuruhusiwa kulia, na baadaye anahitaji kuruhusiwa kunyamaza.

Je, maneno ya pwani yalifikaje Usukumani? Njia ya kwanza ilikuwa ya miguu. Katika karne ya 19 Wanyamwezi na Wasukuma walibeba mizigo ya misafara hadi pwani, wakapita katika nchi za watu wengine, na katika kupita huko ukaota utani. Mpaka leo Msukuma na Mzaramo ni watani. Na mtani, ndugu msikilizaji, ni mtu wa msiba kweli kweli. Anamwigiza marehemu, anawadhihaki wafiwa, anazuia njia mpaka apewe chochote, na pia anafanya kazi nzito ya mazishi. Asiyejua mila atadhani huo ni utovu wa adabu. Kumbe mtani amepewa kazi ambayo ndugu hawezi kuifanya, ya kumchekesha mtu ambaye machozi hayajamkauka.

Njia ya pili ilikuwa redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na mwaka 1965 ikaja Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio ile haikutangaza kwa lugha za makabila. Basi mzee wa Maswa mwenye mtoto anayefanya kazi Tanga au Dar es Salaam, akitaka kumwita mtoto huyo mazikoni, alilia kwa Kisukuma na akatangaza kwa Kiswahili. Matangazo ya vifo yakawa darasa. Nchi nzima ikajifunza namna moja ya kusikitika, kutaja marehemu, kutaja siku ya mazishi, na kuomba habari ziwafikie ndugu na jamaa popote walipo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyokuwa na uzito. Yalimtafuta mtu ambaye barua isingemwahi.

Kwa njia hiyo hiyo tukapata misiba ya taifa. Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Sokoine alifariki katika ajali ya gari mkoani Morogoro. Tarehe 14 Oktoba 1999 Mwalimu Nyerere alifariki London, na taifa likaomboleza siku 30. Tarehe 17 Machi 2021 ikawa zamu ya Rais Magufuli. Bendera zilishushwa nusu mlingoti, na redio zikapiga nyimbo za maombolezo. Kwa watu wa kanda ya Ziwa, hata hivyo, tarehe isiyosahaulika ni 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na kuua mamia ya abiria. Wengi walizikwa Igoma. Wengine hawakuonekana kabisa. Hapo maneno yetu yalipata mtihani mkubwa. Mfiwa yupo, kilio kipo, ila kaburi halipo. Matanga ya namna hiyo yataanuliwa siku gani?

Katika hali kama hiyo linabaki neno moja dogo, pole. Wageni hulitafsiri kama kuomba radhi, wakashangaa kwa nini mtu aombe radhi kwa kosa asilolitenda. Pole haina habari na kosa. Tunasema pole na kazi, pole na safari, pole kwa kuuguliwa, pole kwa msiba. Neno hili ni ndugu wa poa na poza, na ndiyo maana aliyeambiwa pole anaweza kujibu, nimeshapoa. Msukuma naye, ukimwamkia asubuhi, anakujibu mhola, yaani salama, shwari. Kwa hiyo pole haikumfikia kama neno geni. Tunapompa mtu pole tunamwombea utulivu, na tunakubali kukaa naye mpaka utulivu uje.

Hapo kwenye kukaa ndipo siku hizi tunapolegea. Ubani wa pwani ulikuwa ubani kweli, wa kufukiza. Leo ukisikia fulani katoa ubani, ujue katoa fedha. Rambirambi zilikuwa salamu za kuliwaza, na sasa mjini ni bahasha, daftari la kamati na turubai la kukodi. Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008, rambirambi hufika kabla ya mtu, na mara nyingi mtu mwenyewe hafiki. Silaumu fedha. Jeneza halinunuliwi kwa machozi, na aliye Dar es Salaam hawezi kufika Nyalikungu kila mwezi. Nasema tu kwamba fedha inalipia gari na sanduku, lakini haiwezi kulala mkekani na mfiwa.

Yapo mabaya zaidi ya hayo. Liko neno mjane. Chini ya amri ya sheria za mila ya mwaka 1963, mjane aliyeolewa kimila hana fungu katika urithi wa mumewe ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Wajane wawili wa Kisukuma katika mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ulikuwa na Maswa ndani yake, walitolewa majumbani mwao na ndugu za waume zao. Walikwenda mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba mila hizo zina ubaguzi, lakini ikakataa kuzifuta. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa yao kwa dosari ya tarehe katika hati. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia haki za wanawake ikaamua kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa.

Basi tujiulize, shemeji anayesema pole siku ya mazishi, na baada ya matanga akadai ufunguo wa nyumba, ametamka neno gani? Si pole. Ametoa sauti tu. Lugha yetu imemwita mwanamke yule mfiwa, na ikawaagiza wa mbali waingie kilioni pamoja naye. Haikuwaagiza waingie wamtoe.

Msiba hautatuishia, na maneno tunayo ya kutosha. Wiki hii ukimpa mtu pole, mtazame usoni, kisha uulize maji yamekwisha kutekwa na nani.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.