Dampo: kesi iliyozihamisha taka za Dar es Salaam

Tabata kuna mahali panapoitwa Dampo hadi leo. Watu wamejenga, wana maduka na wanalea watoto hapo, na kijana aliyezaliwa miaka ya karibuni hulitaja jina hilo bila kujiuliza limetoka wapi. Limetoka kwenye taka. Kwa miaka mingi malori ya Halmashauri ya Jiji yalimwaga hapo uchafu wa Dar es Salaam. Ukichomwa, moshi uliingia majumbani pamoja na harufu na nzi.

Mwaka 1988 wakazi, Joseph Kessy akiwa mbele yao, walilipeleka Jiji Mahakama Kuu. Mwaka huo una maana yake. Haki za binadamu zilikuwa zimeingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, kwa mabadiliko ya tano, lakini Serikali ilijipa miaka mitatu ya kurekebisha sheria zake kwanza, na muda wote huo mwananchi hakuweza kwenda nazo kortini. Mlango ulifunguliwa Machi 1988. Pengine tungetazamia kwamba watakaoanza kuugonga ni wanasiasa. Miongoni mwa waliowahi walikuwa watu wa Tabata waliochoshwa na moshi.

Walishinda. Mahakama iliamuru Jiji liache kutupa taka Tabata na litafute mahali pasipohatarisha afya ya watu. Kilichofuata kinajulikana na kila aliyewahi kuidai serikali kitu: Jiji halikukataa, liliomba muda. Muda ulipokwisha likaomba mwingine, na malori yakaendelea kuingia. Amri ya korti ilikuwepo, moshi nao ulikuwepo.

Mwaka 1991 ombi la kuongezewa muda lilifika mbele ya Jaji Kahwa Lugakingira, naye akalitupa. Uamuzi wake bado unasomeshwa katika vyuo vya sheria, na si hapa nchini tu. Kwa ufupi alisema hajapata kusikia popote kwamba mamlaka ya umma, au hata mtu binafsi, imekwenda mahakamani kwa kujiamini kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu, wawe wachache au wengi. Kisha akashika ibara ya 14 ya Katiba, inayompa kila mtu haki ya kuishi na kupata hifadhi ya maisha yake kutoka kwa jamii.

Hapo ndipo palipo uzito wa kesi hii. Kabla yake, moshi wa jirani ulikuwa kero, jambo la madai kati ya mtu na mtu. Lugakingira aliutoa kwenye kero akaupandisha hadi kwenye uhai. Ibara ya 14 haitaji hewa wala taka. Yeye aliona kwamba mtu anayevutishwa sumu kila siku anapunguziwa maisha, na kwamba hapo Katiba haiwezi kukaa kimya. (Ni jaji huyuhuyu ambaye mwaka 1994, katika kesi ya Mchungaji Mtikila, aliamua kwamba mgombea binafsi ana haki ya kusimama katika uchaguzi. Hakuwa mtu wa kusoma Katiba kwa woga.)

Malori yakaondoka Tabata. Yakaenda Kunduchi Mtongani, kaskazini mwa jiji, eneo ambalo mpango mji ulikuwa umelitenga kwa makazi. Jiji lilikuwa limetii amri ya kutoka Tabata na kusahau sababu yake.

Mwaka huohuo wa 1991 wakazi wa huko, Festo Balegele na wenzake 794, wakafungua shauri lao. Wao hawakudai fidia. Walitumia njia ya sheria ya utawala, wakaiomba mahakama iupime uamuzi wenyewe wa Jiji, na Jaji Rubama akawapa amri zote tatu walizoomba. Ya kwanza ilitengua uamuzi wa kutupa taka Mtongani. Ya pili ilizuia Jiji kuendelea. Ya tatu ililiamuru litimize wajibu wake na kuandaa dampo linalofaa.

Hiyo ya tatu ndiyo iliyokuwa ngumu. Jaji anaweza kusema si hapa, na malori yakageuza. Akisema fanyeni ipasavyo, hapo inahitajika bajeti, ardhi, mitambo na mhandisi, na mahakama haina hata kimoja kati ya hivyo. Taka zikaenda Vingunguti, ng'ambo tu ya bonde la Msimbazi ukitokea Tabata. Waliopokea moshi safari hii walikuwa majirani wa wale walioshinda kesi. Mwaka 1996 Serikali iliivunja Halmashauri ya Jiji yenyewe na kuweka Tume chini ya Charles Keenja, na usafi ukawa miongoni mwa kazi zake kubwa. Vingunguti ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, taka zikahamia Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi.

Sheria nazo zilibadilika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliandika waziwazi kile ambacho Lugakingira alilazimika kukichota ndani ya haki ya kuishi: kila mtu aliyeko Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Mlalamikaji wa leo halazimiki tena kuanza kwa kueleza kwamba moshi na uhai vina uhusiano.

Kessy alipofungua kesi, sensa ya 1988 ilihesabu watu milioni 1.36 Dar es Salaam. Ya 2022 ilihesabu milioni 5.38. Kinyamwezi iko mbali na katikati ya jiji. Malori hupita Gongo la Mboto yakielekea huko, na nyumba mpya zinajengwa kufuata barabara hiyohiyo.