Limfoma ya Burkitt na Matiti katika Ukanda wa Ziwa

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago mjini Kampala, alieleza uvimbe wa taya za watoto, ambao baadaye ulitambuliwa kuwa limfoma, yaani saratani ya chembe za kinga, inayoshamiri penye malaria nyingi, kama Homa Bay na Migori nchini Kenya. Kwa wasichana wanaobalehe na akina mama wanaonyonyesha, saratani hiyo huweza kuvamia matiti yote mawili kwa pamoja. Kinachothibitisha ugonjwa ni kipande cha nyama ya titi chini ya hadubini, ambamo chembe kubwa nyeupe hutawanyika kati ya chembe nyeusi kama nyota angani. Na uthibitisho huo ni muhimu, kwani ugonjwa huu hutibiwa kwa dawa, bila titi kukatwa.