Nyuzi nne zinazobeba kioo cha kilo 40

Mawimbi ya mvutano ni mitetemo ya anga yenyewe. Tunayatambuaje? Mitambo ya LIGO nchini Marekani hutumia leza kupima umbali kati ya vioo vilivyotengana kilomita 4. Wimbi linapopita, umbali huo hubadilika kwa kiasi kidogo kuliko kiini cha atomu. Mtikisiko mdogo unaosababishwa na joto ndani ya waya wa chuma ungetosha kulifunika. Ndiyo maana watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Scotland, na wenzao walitengeneza nyuzi za silika zenye unene wa milimita 0.4. Nne hubeba kioo cha kilo 40. Septemba 14, 2015, wimbi la kwanza lilinaswa, kutoka mashimo meusi mawili yaliyoungana zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Bila utulivu huo, lingetupita kimyakimya.