Hao ni Watu wa Nani?

Hakuna kitu rahisi kuchangisha Malaba kama mazishi. Mtu akifa usiku, kufikia saa nne asubuhi kuna grupu ya WhatsApp, kuna mwekahazina, kuna namba ya M-Pesa, na kuna yule mjomba wa Nairobi anayeandika "nitatuma jioni". Bili ya mochari, jeneza, gari, ng'ombe, hema, viti: pesa hupatikana. Wanaotuma si matajiri. Wanatuma kwa sababu ulituma walipofiwa wao, na kuna daftari mahali fulani linalokumbuka nani alitoa ngapi.

Sasa fungua grupu kama hiyo kwa ajili ya makaburi ya zamani ya misheni, yale ambayo misalaba imelala, nyasi zimefika kiunoni na mizizi imepasua saruji. Utaona tiki mbili za buluu, kimya, halafu msee mmoja atauliza: "Kwani hao ni watu wa nani?"

Si dharau. Ndilo swali lenyewe, na historia yote ya makaburi haya imo ndani yake.

Huku mpakani, Mteso, Msamia au Mbukusu huzikwa kwao. Kaburi liko hatua chache kutoka mlangoni, kuku wanapita juu yake, na hakuna anayehitaji ramani. Kenya nzima ilisomeshwa somo hili na kesi ya wakili S.M. Otieno, aliyefariki Nairobi Desemba 1986. Mwili ulikaa mochari kama miezi mitano mjane na ukoo wakivutana mahakamani, na Mei 1987 ukazikwa Nyalgunga, Siaya, kama ukoo ulivyotaka. Watu walielewa hivi: ukizikwa pahali pa umma, huna kwenu.

Na misheni ilijaa watu waliokuwa mbali na kwao. Bagamoyo ndiyo mfano mkongwe. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni pale 1868, wakajenga kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, watu ambao hata wangetaka kurudi nyumbani, njia yenyewe ilikuwa imefutwa. Mapadre nao walikufa kwa homa wakiwa vijana, na makaburi yao yako palepale hadi leo, yanatembelewa na watalii.

Upande wetu walikuja Mill Hill. Walifika Kampala 1895, wakapata kilima cha Nsambya, kisha wakasukuma mashariki: Kisumu 1903, Mumias 1904. Ukifuata makaratasi ya baadaye utapata kizunguzungu. Eneo hili la Malaba na Busia lilihesabiwa Uganda mpaka 1902, serikali ya Kiingereza ilipohamisha mpaka. Kanisa halikuhama nalo. Lilibaki chini ya Vikarieti ya Upper Nile, yenye makao Uganda, hadi 1925 ilipoundwa Prefekti ya Kavirondo. Kisha likawa chini ya Kisumu. Kisha Jimbo la Kakamega, 1978. Kisha Bungoma, 1987. Mkristo aliyezikwa hapa 1920 amebadilishiwa mwenyewe mara nne bila kugeuka kaburini. Kila makao yanapohama, anayejua nani amelala wapi anabaki nyuma, anazeeka, anakufa.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo sina nadharia ya kukuuzia. Ninachoona ni kwamba kaburi hudumu likiwa na mtu wa kulidai, na mtu huyo si lazima awe wa damu.

Makaburi ya wanajeshi wa Uingereza pale Voi na Taveta bado yananyoa nyasi, miaka zaidi ya mia baadaye. Nyuma yake kuna tume iliyoundwa 1917, yenye bajeti. Lakini 2021 tume hiyohiyo ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati waliokufa katika Vita vya Kwanza, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Hapo ndipo wapo mababu zetu wa Kariakoo, waliobeba risasi na unga. Pesa ilikuwepo. Majina ndiyo hayakuandikwa.

Halafu kuna Mama Kevina. Sista huyu wa Ireland alifika Uganda 1903, na 1923 akaanzisha shirika la masista Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko. Alifariki Marekani Oktoba 1957 akiwa mzee, mwili ukapelekwa Ireland. Wakatoliki wa Uganda wakakataa. Wakadai arudishwe, na Desemba mwaka huohuo akazikwa Nkokonjeru. Hakuwa na ukoo Uganda hata mmoja. Alikuwa na watu waliosema ni wetu, na inatosha.

Basi tukirudi kwenye ile grupu iliyokwama. Utaambiwa iachieni kaunti, kwa sababu Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya makaburi. Lakini uwanja wa misheni ni ardhi ya kanisa, na MCA hatapitisha bajeti ya kung'oa magugu kwa padre. Utaambiwa pia patangazwe kuwa turathi chini ya sheria ya makumbusho ya 2006. Sawa, patangazwe. Tangazo la Gazeti la Serikali halifyeki nyasi.

Kwa hiyo inabaki harambee, na hapa ndipo nina ugomvi na kamati nyingi. Kitu cha kwanza wanachotaka ni geti, na juu ya geti bango lenye jina la mgeni wa heshima. Cha pili ni rangi nyeupe kwenye kaburi la padre. Mimi ningesema shilingi ya kwanza iende kwenye daftari. Sheria ya Kanisa inaitaka parokia iandike kila maziko katika kitabu cha wafu, na vitabu vya zamani viliandikwa Kilatini. Tafuteni mseminari wa kuvisoma, pigeni picha kila ukurasa, tumeni majina kwenye grupu, ya makatekista kabla ya mapadre. Siku jina la babu ya mtu litakapotokea kati ya meme mbili, lile swali la "watu wa nani" litajibiwa na mwenyewe, na atatuma kabla ya jioni. Mwekahazina naye aweke taarifa ya M-Pesa hapohapo kila Ijumaa, hata kama ni mia tatu tu zilizoingia.

Kuhusu mawe: maji safi na brashi laini. Jiki hapana, brashi ya waya hapana. Jiwe la kale lililojengwa kwa chokaa lizibwe kwa chokaa, kwa sababu saruji hufungia unyevu ndani na jiwe linamomonyoka. Pale ambapo maandishi yamefifia, nendeni usiku, wawili au watatu. Lazeni tochi ya simu ubavuni mwa jiwe, mwanga upite juu yake kwa mshazari, herufi zitatupa kivuli. Mmoja asome kwa sauti, mwingine aandike.