Rada, GPS, antena na leza: Teknolojia za jeshi zinazofanya kazi Ziwa Victoria

Mvuvi wa dagaa anayetoka Igombe jioni ana simu yenye GPS mfukoni. Rada ya hali ya hewa iliyopo Kiseke, Mwanza, inafuatilia mvua juu ya ziwa. Intaneti inayofungua ukurasa huu inasafiri kwa mwanga wa leza ndani ya mkongo.

Vyote vitatu vina historia inayofanana: vilianza, au vilikua haraka, kwa sababu jeshi fulani lilitoa pesa. Haya ndiyo ya kujua: vilitoka wapi, vinafanyaje kazi, na vinagoma wapi ukiwa katikati ya maji.

Kwa ufupi

- Redio: kampuni ya Telefunken iliundwa Ujerumani mwaka 1903 ili kumaliza ugomvi wa mitambo ya jeshi la nchi kavu na la majini.
- Sona: ilitengenezwa kusaka nyambizi katika Vita vya Kwanza vya Dunia.
- Rada: jaribio la kwanza la Uingereza lilifanyika 26 Februari 1935.
- Leza: ya kwanza iliwaka Marekani 16 Mei 1960.
- GPS: mradi wa jeshi la Marekani ulioanza 1973. Leo kila mtu anaitumia bure.

Mnara wa redio ulioleta vita Bukoba

Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walijenga vituo vya redio Mwanza, Bukoba na Dar es Salaam. Kwa wakati huo hii ilikuwa teknolojia ya juu kabisa: ujumbe unavuka ziwa na pori bila waya.

Nyuma yake ilikuwepo Telefunken ya Berlin. Mwanzoni Ujerumani ilikuwa na makundi mawili yaliyoshindana. Siemens na Profesa Ferdinand Braun walihudumia jeshi la nchi kavu, AEG pamoja na Adolf Slaby na Georg von Arco wakahudumia jeshi la majini. Waligombana kuhusu hataza, na Kaiser Wilhelm II akataka waungane. Hapo ndipo Telefunken ikazaliwa.

Vita ilipoanza Agosti 1914, kituo cha Dar es Salaam kilitoka kazini siku za mwanzo tu. Vya kanda ya ziwa vikabaki. Juni 1915 Waingereza wakapakia askari kwenye meli za Kisumu, chini ya Brigedia Jenerali J. A. Stewart. Walishuka karibu na Bukoba tarehe 22 na kuuteka mji tarehe 23. Shabaha kubwa ilikuwa mnara wa redio. Waliuangusha, mji ukaporwa, kisha wakapanda meli na kuondoka. Mwanza ilitekwa Julai 1916.

Wakazi wa Bukoba hawakuwa wameomba mnara ule, lakini wao ndio walioporwa. Mtambo wa mawasiliano ukishakuwa wa jeshi, mji unaouzunguka nao unageuka shabaha.

Kwa nini minara ilikuwa mirefu vile? Urefu wa antena unategemea urefu wa wimbi. Redio za zamani zilitumia mawimbi marefu mno, hivyo zilihitaji milingoti mirefu. Simu ya kwenye masafa ya megahezi 900 inatumia wimbi la kama sentimita 33. Robo ya wimbi hilo ni sentimita nane hivi, ndiyo maana antena inaenea ndani ya simu yako na huioni.

Antena ya mifupa ya samaki

Ile antena ya juu ya bati yenye vijiti kama mifupa ya samaki inaitwa Yagi. Iligunduliwa Japani mwaka 1926 na Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi wa Chuo Kikuu cha Tohoku.

Inavyofanya kazi ni rahisi. Kijiti kirefu cha nyuma kinarudisha mawimbi mbele kama kioo. Vijiti vifupi vya mbele vinayavuta upande mmoja. Matokeo yake antena inasikia vizuri inakoelekezwa na kupuuza kwingine. Ndiyo sababu fundi anaizungusha huku mtu wa ndani anapiga kelele, "Hapo hapo, usiguse!"

Jeshi la Japani halikuipa uzito, ila Waingereza na Wamarekani waliiweka kwenye rada zao. Wajapani walipoiteka Singapore mwaka 1942, walikuta nyaraka za Waingereza zenye neno "Yagi" wasilolielewa. Ikabidi mfungwa wa Kiingereza ndiye awaeleze kuwa ni jina la Mjapani mwenzao.

Rada: kutoka ndege za vita hadi mvua ya usiku

Mwaka 1935 Wizara ya Anga ya Uingereza ilitaka njia ya kuona ndege za adui kabla hazijafika. Robert Watson-Watt na msaidizi wake Arnold Wilkins walitumia mawimbi ya mtambo wa BBC uliokuwa Daventry, ndege ikapita, na mwangwi wake ukaonekana kwenye kioo cha kipimo. Rada ikapata bajeti.

Mwaka 1940, John Randall na Harry Boot wa Chuo Kikuu cha Birmingham walitengeneza magnetroni mpya iliyotoa mawimbi mafupi yenye nguvu kubwa. Kazi hiyo ililipiwa na jeshi la majini. Kifaa cha jamii hiyo ndicho kinachopasha chakula kwenye maikrowevu. Mwaka 1945, Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon aliona peremende mfukoni imeyeyuka akiwa karibu na mtambo wa rada, na jiko likazaliwa.

Waendesha rada wa wakati wa vita walisumbuliwa na mvua, kwa sababu ilijaza kioo na kuficha ndege. Vita ilipoisha, usumbufu ule ukawa kazi yenyewe: rada ya hali ya hewa.

Kwa Mwanza hili ni suala la uhai. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, hewa kutoka pande zote inasukumwa kuelekea katikati ya ziwa, inakutana na kupanda juu. Hapo radi na dhoruba zinazaliwa, usiku hadi alfajiri. Wavuvi wa dagaa nao wanafanya kazi usiku, hasa wa giza lisilo na mwezi, ili taa zao zivute samaki. Saa za kazi na saa za dhoruba ni zilezile.

Rada ya Kiseke ni ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Mradi wa kikanda wa HIGHWAY, uliosimamiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kwa ufadhili wa Uingereza, ulishirikisha nchi zinazozunguka ziwa kuboresha tahadhari kwa wavuvi na wasafiri. Kipande kigumu kimebaki kilekile: rada inaona wingu, lakini onyo halimfikii mtu aliyeko nje ya mtandao. Lazima alipate kabla ya kuondoka mwaloni.

"Chenji ya rada": somo la bei

Watanzania wengi wakisikia neno rada wanakumbuka kashfa. Serikali ilinunua kwa BAE Systems ya Uingereza mfumo wa rada wa kuongoza ndege za kiraia na za kijeshi kwa pauni milioni 28. Ndani ya serikali ya Uingereza yenyewe, waziri Clare Short alipinga, akisema nchi maskini inauziwa kitu cha bei kubwa kisichoifaa.

Uchunguzi ukafuata. Mwaka 2010 BAE ilikiri mahakamani kosa la kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu za mauzo hayo. Ilipigwa faini ya pauni 500,000, na kukubali kulipa jumla ya pauni milioni 30, faini ikiwemo, kwa manufaa ya Watanzania. Pesa hizo zilielekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi. Mtaani zikaitwa chenji ya rada.

Teknolojia ya jeshi mara nyingi inauzwa kwa siri, na siri ndiyo inayoficha bei.

Sona: mwangwi unaohesabu sangara

Mwaka 1917, mwanafizikia Mfaransa Paul Langevin alitumia fuwele za kwatzi kutuma sauti majini na kusikiliza mwangwi wake. Lengo lilikuwa nyambizi za Wajerumani. Mwaka 1948, kampuni ya Furuno ya Japani ikauza kifaa cha namna hiyo kwa wavuvi kutafutia samaki.

Sauti inakwenda majini kwa karibu mita 1,500 kwa sekunde. Mahali penye kina cha mita 60, inashuka na kurudi kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kifaa kinapima muda huo na kuchora picha.

Samaki anaonekana hasa kwa sababu ya kibofu chake cha hewa, kwani hewa inarudisha sauti vizuri kuliko nyama. Kibofu cha sangara ndicho bondo, biashara maarufu ya Mwanza. Kinachomfanya sangara aonekane kwenye sona ndicho hichohicho kinachowindwa sokoni.

Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) na wenzao wa Kenya na Uganda, chini ya Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lenye makao Jinja, wanatumia njia hii kukadiria wingi wa sangara na dagaa.

GPS: haihitaji bando

Jeshi la Marekani lilianza mradi wa GPS mwaka 1973 na kurusha satelaiti ya kwanza 1978. Tarehe 1 Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea Kusini ilipotea njia, ikaingia anga ya Urusi ya Kisovyeti na kutunguliwa. Watu 269 walikufa. Rais Ronald Reagan akatangaza kuwa GPS ikikamilika itafunguliwa kwa raia.

Hata hivyo jeshi liliharibu makusudi usahihi wa mawimbi ya raia, likapotosha mahali kwa hadi mita 100 hivi. Uharibifu huo ulizimwa Mei 2000.

Simu yako haitumi kitu chochote kwenda satelaiti. Inasikiliza tu. Satelaiti zilizo juu kilomita 20,200 zinatangaza saa sahihi, na simu inapima mawimbi yamechelewa kiasi gani. Ikisikia nne inajua ilipo. Kosa la saa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kosa la mita 300, ndiyo maana satelaiti zimebeba saa za atomiki.

Kwa mvuvi hii ina maana mbili. Kwanza, GPS inafanya kazi katikati ya ziwa bila mtandao na bila bando. Anaweza kuweka alama alipotega nyavu na kurudi palepale. Pili, kujua ulipo si sawa na kuwaambia wengine ulipo. Bila mtandao, simu haiwezi kutuma mahali hapo kwa mtu yeyote.

Ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani Bukoba 6 Novemba 2022, wavuvi ndio waliowahi kufika. Ziwani muokoaji wa kwanza huwa aliye karibu. Mradi wa mawasiliano na usafiri wa Ziwa Victoria, unaofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, unakiweka kituo cha kanda cha kuratibu uokoaji Mwanza.

GPS bado iko chini ya jeshi la Marekani. Lakini simu nyingi za sasa zinasikia pia GLONASS ya Urusi, BeiDou ya China na Galileo ya Umoja wa Ulaya.

Leza: mvumbuzi aliyefungiwa nje

Mwaka 1959 Gordon Gould wa Marekani na kampuni yake waliomba dola 300,000 kutoka ARPA, wakala wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi, watengeneze leza. Jeshi likawapa karibu dola milioni moja na kuufanya mradi kuwa siri. Gould, aliyewahi kujihusisha na siasa za mrengo wa kushoto, akanyimwa kibali cha usalama na kuzuiwa kuufanyia kazi mradi aliouanzisha mwenyewe.

Wakati huo Theodore Maiman, wa maabara ya Hughes huko California, alikuwa na fimbo ndogo ya rubi na taa ya mmweko. Alimtangulia kila mtu.

Leo Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unaunganisha Mwanza na Dar es Salaam, zinakotua nyaya za baharini. Ndani ya uzi wa kioo mwanga wa leza unakwenda karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Safari ya Dar hadi Mwanza inachukua takriban sehemu sita za elfu moja za sekunde.

Pesa za jeshi zinafanyaje kazi?

Si lazima jeshi livumbue. Mara nyingine linalipia utafiti, kama rada. Mara nyingine linanunua kwanza kikiwa bado ghali: chipu aliyoionyesha Jack Kilby mwaka 1958 ilipata soko kubwa kwenye makombora ya Minuteman II, bei ikashuka, na raia wakaifikia.

Tanzania nayo ina Kituo cha Teknolojia ya Magari cha Nyumbu, Kibaha, kilicho chini ya jeshi, ingawa kazi yake ni magari na mitambo.

Kabla ya kuingia ziwani

- Pakua ramani simu ikiwa na mtandao. GPS inatoa mahali, ramani inatoka kwenye intaneti.
- Weka alama ya mwalo unakotoka.
- Soma tahadhari ya TMA ukiwa nchi kavu.
- Mwambie mtu wa nyumbani unaelekea wapi na unarudi saa ngapi.
- Ifunge simu kwenye mfuko usiopitisha maji, na vaa jaketi okozi. Satelaiti haimuelei mtu.