Maneno ya vitufe: bofya, jiunge, ghairi

Duka la mtandaoni likitembelewa na watu 1,000, na 30 kati yao wakanunua, ni asilimia 3 tu waliotimiza lengo la ukurasa. Wabunifu wa tovuti hushughulikia rangi, picha na kasi ili kuiongeza asilimia hiyo. Neno lililoandikwa juu ya kitufe husahauliwa, ilhali ndilo linalomwambia mgeni kitakachotokea akikigusa.

*Bofya* kwa asili ni kubonyeza kitu kwa vidole, kama afanyavyo mnunuzi anayetaka kujua iwapo embe limeiva. Leo hutumika pia kwa kipanya na skrini, na matumizi hayo hayana kasoro. Kasoro ipo katika kiungo kisemacho “Bofya hapa”. Asiyeona hutumia programu inayomsomea viungo vya ukurasa kimoja kimoja, na husikia “bofya hapa, bofya hapa” bila kujua hapa ni wapi. Afadhali “Pakua fomu ya maombi”.

Kitufe huandikwa kwa hali ya kuamuru katika umoja: *Tuma*, *Tafuta*, *Lipa*. Amri hii haina ufidhuli, kwa kuwa ukurasa husema na msomaji mmoja. *Kutuma* ni jina la tendo. Lafaa kichwa cha sehemu, si kitufe. Amri yenye kiambishi cha mtendwa hubadili irabu ya mwisho kuwa *e*: “Tuandikie”, si “Tuandikia”. Vivyo hivyo kwa *ji-*: “Jiunge nasi”, ingawa “Jiunga” imeenea mno katika matangazo. *Jisajili* haibadiliki, kwani kitenzi *sajili* hakiishii kwa *a*. Wala *ji-* isiachwe: *Sajili* peke yake humfanya mtu aulize asajili nini, gari au laini ya simu?

Neno lenye hatari kuliko yote ni *ghairi*, yaani kubadili nia au kuacha jambo lililokusudiwa. Mteja anataka kuiondoa oda yake, dirisha linafunguka na kuuliza, “Je, unataka kughairi oda?” Chini yake kuna vitufe viwili: *Ghairi* na *Sawa*. Je, *Ghairi* inaghairi oda, au inaghairi kule kughairi? Anayekosea hapa huenda akalipia kitu asichokitaka, na haelekei kurudi. Tiba ni kuviandika vitufe kwa matokeo yake: *Ondoa oda* na *Bakiza oda*. *Futa* isitumiwe mahali pa *ghairi*; kilichofutwa hakipo tena, kilichoghairiwa huenda kumbukumbu yake ikabaki.

*Endelea* nayo ni dhaifu pale ambapo hatua inayofuata ni kutoa fedha. “Lipa Sh 45,000” humpa mnunuzi fursa ya mwisho ya kuhakiki kiasi. *Wasilisha* ina harufu ya ofisi na bunge. Yafaa ombi la kazi au ripoti, lakini kwa ujumbe wa kawaida *Tuma* inatosha.

Kuhusu kihusishi: chombo cha kulipia hutanguliwa na *kwa*, hivyo “Lipa kwa kadi”. “Lipa na M-PESA” ni jina la huduma nchini Kenya na huachwa lilivyo, ila lisifanywe kanuni ya kuandikia vitufe vingine.