Gavana wa Kwanza na Thamani ya Shilingi

Edwin Mtei, aliyezaliwa Marangu mkoani Kilimanjaro mwaka 1932 na kusoma Old Moshi, Tabora na hatimaye Makerere, ni miongoni mwa wachumi wachache wa Serikali ya Tanzania ambao maisha yao ya kazi yanaweza kusomwa kama historia ya swali moja, nalo ni nani aamue thamani ya shilingi na kwa kigezo gani. Swali hilo lilimpa cheo kikubwa akiwa na umri wa miaka 33, na miaka 13 baadaye ndilo lililomwondoa serikalini.

Kabla ya mwaka 1966, Tanzania haikuwa na fedha yake yenyewe. Shilingi iliyotumika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919 na kuendeshwa kutoka London mpaka mwaka 1960, makao yake yalipohamishiwa Nairobi. Bodi ya sarafu hutofautiana na benki kuu kwa kuwa kazi yake hasa ni kubadilisha fedha: kimsingi shilingi iliingia katika mzunguko pale ilipokuwa na akiba ya paundi ya Uingereza nyuma yake, hivyo nchi iliyopungukiwa paundi ilipungukiwa pia fedha ya ndani, hata kama wakulima wake walikuwa na pamba shambani ikingoja mnunuzi. Erwin Blumenthal, mtaalamu wa benki kuu ya Ujerumani Magharibi, aliishauri Tanganyika mwaka 1963 ianzishe benki yake ndani ya mfumo wa pamoja wa nchi tatu, lakini siasa za shirikisho la Afrika Mashariki zilikwisha kupoa, na Juni 1965 mawaziri wa fedha wa nchi hizo walitangaza kwamba kila moja ingekuwa na benki yake.

Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa tarehe 14 Juni 1966, na Mtei, aliyetoka katika ukatibu mkuu wa Hazina, akawa gavana wake wa kwanza. Uhuru uliotangazwa majukwaani ulifika sasa mikononi mwa watu, kwa noti zenye sura ya Mwalimu Julius Nyerere akiwa bado kijana na sarafu zenye samaki kwenye senti tano, mbuni kwenye senti ishirini na sungura kwenye senti hamsini. Thamani haikubadilika, kwani shilingi 20 ziliendelea kuwa sawa na paundi moja. Lakini Uingereza ilipoishusha thamani paundi Novemba 1967, Tanzania, kama Kenya na Uganda, haikuifuata. Huo ulikuwa uamuzi ambao chini ya bodi ya zamani usingewezekana.

Miezi michache kabla ya hapo, siku moja tu baada ya Azimio la Arusha kutangazwa Februari 1967, mabenki ya kigeni yalitaifishwa na kuunganishwa katika Benki ya Taifa ya Biashara. Kazi ya kuhakikisha kwamba hundi zinaendelea kulipwa na biashara ya nje haikwami iliiangukia taasisi ambayo haikuwa imetimiza hata mwaka mmoja. Kwa nchi iliyokuwa na wahasibu wa kizalendo wa kuhesabika, mafanikio hayo yanastahili heshima kubwa kuliko inayotolewa kwa kawaida.

Mwaka 1974 Mtei alikwenda kuwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, akaishuhudia ikisambaratika, na mwaka 1977 akateuliwa Waziri wa Fedha. Aliikuta Hazina ikiwa na akiba nzuri ya fedha za kigeni, kwa sababu baridi kali iliyoharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975 ilikuwa imepandisha bei ya kahawa duniani. Akiba hiyo haikudumu. Masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje yalilegezwa, bei ya kahawa ikashuka, bei ya mafuta ikapanda tena, na majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera mwishoni mwa 1978, yakaanzisha vita ambayo gharama yake hukadiriwa kuwa dola za Marekani milioni 500.

Mwaka 1979 Shirika la Fedha la Kimataifa lilitaka, kama sharti la mkopo, shilingi ishushwe thamani na matumizi ya serikali yapunguzwe. Kushusha thamani ya fedha ni kuamua kwamba dola moja inunuliwe kwa shilingi nyingi zaidi, jambo linalompa mkulima wa kahawa shilingi nyingi zaidi kwa kilo ileile lakini linalompandishia mkazi wa mjini bei ya kila kinachotoka nje. Mtei aliona hakuna njia nyingine. Nyerere aliona kwamba nchi iliyotoka vitani ilikuwa inaamriwa sera zake na wakopeshaji, akakataa, na waziri wake akajiuzulu. Hoja ya Mwalimu kuhusu heshima ya taifa ilikuwa ya kweli, ila haikujibu hesabu iliyokuwa mezani: magendo yalishamiri, foleni za sabuni na sukari zikarefuka, na mkulima akaendelea kulipwa kwa shilingi ambayo haikununua kitu dukani.

Mtei baadaye alikuwa mkurugenzi mtendaji katika shirika hilohilo la Washington, na mwaka 1992, mfumo wa vyama vingi uliporejea, alikuwa miongoni mwa waasisi wa Chadema na mwenyekiti wake wa kwanza. Ushauri wake ulitekelezwa bila yeye. Mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, Tanzania ilitia saini mkataba na Shirika la Fedha, na dola moja iliyokuwa ikinunuliwa kwa shilingi zipatazo 8 alipojiuzulu ikafikia shilingi 40.